Barafu ndani ya mashua: safari ndefu ya samaki mbichi



Katika Suratun-Nahl Mola wetu anatukumbusha neema ya bahari, na kinachotangulia kutajwa ni nyama mbichi tunayoila kutoka humo. Baada ya hapo ndiyo yanafuata mapambo ya kuvaa. Sisi wa kazi za mavazi, na nyinyi mabibi harusi, tunapenda kuyakimbilia mapambo. Leo naomba tukae kidogo kwenye ile nyama, hasa kwenye huo ubichi wake, maana kwa karne nyingi samaki mbichi alikuwa ni wa mtu anayekaa ufukweni tu. Ukiwa mbali na diko, au chombo kikicheleweshwa na upepo, unakula kilichotiwa chumvi.

Wengi tunadhani barafu kwenye mashua ni jambo la juzi, limekuja na friza na mashine za boti. Si hivyo. Ni historia ya zamani kuliko umeme, na ndani yake mna wanawake wengi kuliko inavyosemwa.

Tuanze na chumvi na jua. Katika hadithi sahihi tunasimuliwa jeshi la watu 300 waliotumwa pwani wakiongozwa na Abu Ubayda bin al-Jarrah, Allah awe radhi naye. Chakula kiliwaishia mpaka wakala majani ya miti, kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mno. Walimla siku nyingi, wakabeba vipande hadi Madina, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akala katika nyama hiyo. Hakukuwa na barafu. Nyama ya kusafiri ilikuwa ni ile iliyokaushwa.

Visiwani kwetu mambo yalikuwa hayo hayo. Majahazi ya kaskazi yalileta papa mkavu na ng'onda kutoka Shihiri, Mukalla na pwani ya Wasomali, na yakirudi na kusi yamebeba boriti za mikoko na nazi. Hata hao tunaowaita Mashihiri jina lao limetoka kwenye bandari hiyo ya Hadhramaut. Bibi zetu walijua kumpasua samaki mgongoni, kumfungua kama kitabu, kumsugua chumvi na kumuanika. Wavuvi wa dago, wanaohama na kupiga kambi mbali na kwao, nao walikuwa na kazi mbili: kuvua, kisha kukausha. Msidharau ng'onda. Ndiye aliyelisha mji.

Ubaridi wenyewe ulikuwa kitu cha wafalme. Masultani wa Kimamluki wa Misri walikuwa wakiletewa theluji kutoka milima ya Sham, kwa merikebu na kwa ngamia, ili wanywe sherbeti baridi mjini Kairo. Fikiria gharama yake! Theluji ya kuivusha jangwa kwa ajili ya kinywaji, na mvuvi wa mtoni hapo hapo Kairo samaki wake wanaoza.

Walioitoa barafu kwenye meza ya wakubwa wakaipeleka kwenye chombo cha mvuvi ni Wachina wa pwani ya Ningbo na visiwa vya Zhoushan, watu wa visiwa kama sisi. Majira ya baridi walijaza maji kwenye mashamba ya mpunga, maji yakaganda usiku, asubuhi wakavunja na kuipeleka barafu ghalani. Mtaalamu wa mimea wa Kiskoti, Robert Fortune, aliyatembelea maghala hayo katika miaka ya 1840 na kuyaeleza: kuta nene za udongo, paa la makuti ya majani, na barafu iliyofunikwa kwa nyasi kavu. Hakuna mashine wala chuma. Ile barafu ya baridi ilifika mpaka kiangazi ikiwa bado barafu, na wavuvi wakaipakia chomboni.

Habari hizi zilifika Uingereza mapema kuliko safari ya Fortune. Katika miaka ya 1780, mbunge mmoja wa Scotland aitwaye George Dempster alikuwa akizungumza na Alexander Dalrymple, mtu wa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki aliyekuwa ameziona pwani za China. Dalrymple akamueleza jinsi wavuvi wa kule wanavyobeba theluji. Dempster akawaandikia wafanyabiashara wa samoni wajaribu. Kabla ya hapo samoni wa Scotland waliokwenda London walichemshwa na kutiwa siki. Baada ya hapo wakaanza kwenda wabichi, ndani ya masanduku ya barafu. Yaani hata Wazungu walifundishwa, na mwalimu ni mvuvi wa Kichina ambaye jina lake hakuna aliyeliandika.

Sasa nataka niwapeleke mahali panapoitwa Barking, mashariki ya London, kando ya mto Roding. Leo ni mtaa wa jiji, lakini katikati ya karne ya 19 palikuwa na moja ya kundi kubwa kabisa la vyombo vya uvuvi Uingereza, mali ya ukoo wa Hewett. Bendera yao ilikuwa ya mraba, rangi ya buluu, na kundi lenyewe likaitwa Short Blue. Kabla ya barafu, vyombo vyao vilikuwa na tumbo la matundu katikati, maji ya bahari yanaingia na kutoka, na samaki wanarudishwa nyumbani wakiwa hai humo ndani. Si mbaya, lakini samaki hai wanataka nafasi kubwa, wanakufa njiani, na si kila aina inavumilia.

Samuel Hewett akaleta barafu. Na barafu yake, dada zangu, ilitoka shambani. Baridi ikiingia, wakulima wa mabonde ya pale waliruhusu maji yafunike mashamba, yakaganda, na watu wa mji wakatoka wanaume, wanawake na watoto kuikusanya na kuipakia kwenye mikokoteni. Ikapelekwa kwenye ghala la Hewett lenye kuta nene, ikakaa humo kwa miezi. Mkulima ambaye msimu ule hakuwa na cha kuvuna alivuna barafu. Mama ambaye mumewe yuko baharini alipata kibarua cha kukusanya barafu itakayompelekea mumewe. Ni njia ile ile ya Ningbo, na kama kuna aliyewaambia watu wa Barking au walijibunia wenyewe, matokeo yalikuwa mamoja.

Hapo ndipo yalipotokea mabadiliko ninayotaka muyaangalie kwa makini. Samaki sasa walikuwa na muda. Kwa hiyo Hewett aliviacha vyombo vyake hukohuko Bahari ya Kaskazini kwa wiki kadhaa, na badala ya kila chombo kurudi na samaki wake, merikebu nyepesi zenye mbio zilikwenda kuwachukua, zikawapakia na barafu na kuwakimbiza hadi soko la Billingsgate, London. Mji mkubwa ukaanza kula samaki mbichi kwa wingi, hata watu wa kipato cha chini. Huo ni upande mmoja.

Upande wa pili ni wa waliobaki nyumbani. Zamani samaki akianza kulegea, nahodha hana budi kugeuza tanga arudi. Uozo wa samaki ndio uliokuwa ukimrudisha mume. Barafu ikaondoa hilo. Vijana na watoto wa kazi walikaa baharini baridi yote, wakihamisha masanduku ya samaki kutoka chombo kimoja hadi kingine kwa vidau vidogo, mawimbi yakiwa juu. Disemba 1863 dhoruba ililikuta kundi huko baharini, na watu 60 wa Barking wakafa. Mji mdogo, watu 60. Hesabu mwenyewe vizuka waliokaa eda, kwa desturi zao.

Sisemi barafu iliwaua. Dhoruba huja kwa qadari. Lakini mtu akikwambia kifaa fulani kitaongeza pato la chombo, na wewe ni mke wa mwenye chombo, uliza pia kitamuongezea siku ngapi baharini.

Baadaye reli zilifika kwenye bandari zilizo karibu zaidi na bahari, biashara ikahama Barking. Barafu ya mashamba nayo haikutosha, Waingereza wakawa wanaagiza mabonge kwa meli kutoka Norway. Mashine za kutengeneza barafu zilikuwa zimeshabuniwa. Daktari John Gorrie wa Apalachicola, mji wa joto kule Florida, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1851, na lengo lake halikuwa samaki: alitaka kupoza vyumba vya wagonjwa wa homa. Hakupata mtaji, akafa mwaka 1855 bila kuona faida. Ilichukua muda mrefu kabla viwanda havijaishinda barafu ya Mungu. Bandari ya Grimsby, iliyokuwa na uvuvi mkubwa kabisa, ilijengewa kiwanda chake maarufu cha barafu mwaka 1900.

Kwa vyombo vidogo, nadhani, uvumbuzi mkubwa zaidi haukuwa mashine. Ulikuwa sanduku. Wachina walitumia nyasi, wengine unga wa mbao, wengine magome ya mti yanayotengenezewa vizibo. Vyote vinafanya kazi moja, kushika hewa isitembee. Mwaka 1937 Mjerumani Otto Bayer na wenzake wakagundua namna ya kutengeneza poliuretani, na humo ndimo lilimotoka povu gumu, jepesi, linalozuia joto kuliko vyote hivyo. Ni ndugu wa sponji ya godoro utakalotandika fungate. Sanduku la barafu la leo limeshonwa kama gauni zuri: nje faiba, ndani faiba, na katikati bitana nene ya povu. Na kama gauni, mshono ukiachia tu kazi yote imeharibika, kwa sababu maji yakiingia kwenye povu joto linapita kama hakuna kitu.

Turudi kwetu. Ngalawa na dau la tanga havikujengwa kwa sanduku. Mvuvi alitoka na kurudi kwa maji, samaki wakafunikwa gunia bichi au majani, na wakifika diko ni mnada palepale. Mchuuzi mwanamke alisubiri. Bei ya mwanzo ni ya wenye baiskeli na gari, na jioni, samaki wakianza kupoteza uso, bei huanguka na wanawake wananunua mafungu ya kukaanga. Wengi wetu tumesomeshwa skuli kwa mafungu hayo. Tuseme kweli: biashara ile iliishi kwa sababu samaki hawakuwa na pa kusubiri.

Barafu kisiwani ilikuja kukaa kwa nguvu umeme ulipokuwa wa uhakika zaidi, na umeme wa Unguja tangu 1980 unapita chini ya bahari kwa waya kutoka bara, kutokea Ras Kiromoni hadi Fumba. Mnakumbuka ulipokatika? Mei 2008 tulikaa karibu mwezi mzima. Kisha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kamili. Mimi nilikuwa bado najifunza cherehani, tukishona kwa mguu huku jasho linadondokea kitambaa cha bi harusi wa watu. Friza ziligeuka makabati ya nguo. Nyumbani kwetu ng'onda walirudi kwenye kamba kama zamani za bibi. Pemba ikapata waya wake kutoka Tanga mwaka huo huo 2010, na Unguja ikaongezewa mwingine mkubwa zaidi mwaka 2013. Tangu hapo, ukisimama dikoni alfajiri utaona masanduku ya faiba, na utaona pia majumba ya friji bovu yaliyolazwa chali ndani ya boti, mlango umekuwa kifuniko. Msicheke. Friji bovu ni sanduku lenye povu tayari, nalo linafanya kazi, ila halijatengenezwa kwa maji ya chumvi na chuma chake huoza upesi.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini wasitie friji yenyewe ya betri au ya sola wakamaliza. Sababu ni kwamba friji ndogo inajua kutunza kilichokwisha poa. Kumwaga humo samaki wengi wenye joto la bahari yetu ni kuielemea, itahangaika usiku kucha na wa chini watakuwa wameshaharibika. Barafu inapoyeyuka inanyonya joto jingi kwa mara moja. Kwa hesabu ya kawaida, kuwashusha kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 30 hadi karibu na sifuri kunataka kilo 3 hivi za barafu, na hiyo ni kama sanduku halipitishi joto kabisa. Jua la kwetu halina huruma, kwa hiyo wavuvi wa nchi za joto hufundishwa kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Barafu iliyopondwa inamkumbatia samaki. Bonge linamgusa upande mmoja tu. Tundu la kutolea maji liwe chini, lenye kizibo, samaki wasilale kwenye damu yao. Na sanduku likae katikati ya chombo, chini, limefungwa barabara, maana barafu na samaki ni mzigo, na ngalawa haipendi mzigo wa juu.

Sasa nizungumze na mabibi harusi. Kuna samaki wa ukoo wa jodari, vibua na nguru ambao wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kinachoitwa histamini. Ubaya wake ni huu: kupika hakukiondoi. Kukaanga hakukiondoi. Hata ukimgandisha baadaye, kilichokwisha tengenezwa kimebaki. Mtu akila, ndani ya dakika chache au saa chache uso unakuwa mwekundu na wa moto, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Harusini likitokea hilo, watu husema jicho, au hasadi, na maji ya kisomo yanaletwa. Kisomo ni kheri wakati wote. Lakini jodari aliyelala juani kwenye boti saa sita hakuhitaji hasidi. Kinga yake ni kupoza mapema, pale pale anapotoka majini, na mahali hapo ni ndani ya chombo, si jikoni kwa mpishi wako. Ukiagiza samaki wa walima, usiulize tu bei. Uliza walitiwa barafu wapi na saa ngapi.

Lakini yule mchuuzi wa jioni je? Hili ndilo linalonisumbua. Chombo kikiwa na barafu, samaki hawaanguki bei jioni. Wanangoja kesho, wanangoja hoteli, wanangoja gari la mjini. Mwenye sanduku ndiye mwenye kusubiri, na mwenye kusubiri ndiye anayepanga bei. Kule Barking aliyekuwa na ghala la barafu alikuwa Hewett, si mvuvi wala mke wa mvuvi aliyeikusanya kwa mikono yenye baridi. Kwetu nako nimeona tajiri anampa mvuvi barafu kwa mkopo, kwa sharti kwamba samaki wote ni wake kwa bei yake. Mvuvi anafurahi, samaki hawaozi. Mkewe aliyekuwa akichagua fungu lake la kukaanga sasa anaambiwa asubiri yakibaki, na hayabaki.

Kwa hiyo kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipoletewa ombi na dada mmoja ambaye mumewe ana dau la mashine na anataka sanduku, tulibishana vikao viwili. Wengine walisema ni jambo la wanaume, tumpe mume fedha ajinunulie. Wengine tukasema hapana: mashine ni yake, nyavu ni zake, sanduku na barafu viwe vya mke. Yeye ndiye anayenunua barafu usiku na kuipeleka dikoni, na ujira wake unatolewa kwa samaki kabla ya mnada, fungu lake kwanza. Mume, Allah amjaalie, alikubali bila maneno mengi. Alichokataa ni kulala baharini siku mbili, akasema yeye si mtu wa dago, na mkewe akacheka akasema hata yeye asingempa barafu ya siku mbili.

Sanduku limetengenezwa na fundi wa faiba, refu kama kimo changu na pana la kutosha jodari wawili kulala sambamba. Kifuniko hakikubana vizuri mwanzoni, ubaridi ukawa unatoka pembeni. Nikachukua vipande vya sponji na mpira wa turubai, nikamshonea mkanda wa kuzunguka mdomo wote wa sanduku, sindano namba 18, uzi wa nailoni, mshono mara mbili. Hapo ndipo cherehani yangu ilipoingia katika mambo ya bahari. Safari ya kwanza barafu iliyobaki waliporudi asubuhi ilitosha kujaza ndoo, na dada yule akawapa watoto wa diko wakaila yote.